Jibu: Cookie Clicker imenikwamia baada ya kuanza upya

Sasa ndugu. Umesema kwenye Cookie Clicker, ule mchezo wa kompyuta wa kuoka biskuti kwa kubofya na kununua majengo yanayozioka, ulianza upya na ngazi 8 (zawadi ya kuanza upya, inayoongeza uzalishaji), na sasa kupata biskuti za kununua jengo moja kunakula siku nzima.

Angalia bei kwanza. Kila ukinunua jengo, linalofuata la aina hiyo hupanda asilimia 15. Chukua bibi, ambaye kwenye mchezo huhesabiwa kama jengo: wa kwanza ni biskuti 100. Ukiwa nao 50, wa 51 anadai zaidi ya 108,000. Acha kurundika bibi, nunua maboresho.

Halafu, ulianza upya mapema mno. Ngazi 8 hupatikana ukioka biskuti trilioni 512, na kupata 16 lazima uoke mara nane ya hizo. Ngazi moja haiongezi zaidi ya asilimia 1 ya uzalishaji, kwa hivyo hukupata kitu. Mimi nilingoja ngazi zipite mia mbili.

Je, umenunua Twin Gates, boresho la kuoka hata mchezo ukiwa umefungwa? Bila hiyo, mchezo ukifungwa hakuna kinachooka. Niliwahi kuacha kompyuta ya mezani ikiwaka nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, nikapanda matatu kwenda tao, yaani mjini. Stima zikapotea saa nne. Jioni nakuta hesabu imeganda palepale! Nilikasirika, kisha nikacheka: nani hukasirikia biskuti?

Sehemu tamu ni kuchagua ununue nini. Siku nikifungua kutazama namba tu, huwa naupumzisha mchezo wiki hivi. Wa simu sijaujaribu.