Mgeni wa Kupita, Mgeni wa Kukaa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Maisha ya Nchi za Joto

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wanaojiandaa kuzuru nchi za joto, zile zilizo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, wakiwa na shanta mgongoni, au kwa watu waliokwisha kuhamia huko na sasa wanakumbana na mambo ambayo hawakuambiwa. Tumechagua sita na kuzifupisha. Wengi wa walioandika, kwa maoni yangu, wana tatizo lilelile kwa sura tofauti: mtu amekwisha kuwa mkaazi, lakini bado anaishi kama mpita njia.

Shikamoo Mshauri. Nimemaliza chuo na nimepata miezi mitatu ya kuzunguka nchi moja ya joto kwa basi na kwa miguu. Nimenunua shanta la lita 75 na bado vitu havienei. Nipunguze nini?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kulipunguza shanta lenyewe, kwa maana nafasi ikiwapo huwa haikosi cha kujazwa. Kwa safari isiyohitaji nguo za baridi, lita 40 hadi 45 zinatosha. Wengi husema mzigo usizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mbebaji, lakini mimi ningependa wako uwe mwepesi zaidi ya hapo, kwa sababu mwili hupozwa na jasho linalokauka, na penye unyevunyevu mwingi jasho hudondoka tu bila kukauka, huku mgongo uliofunikwa na shanta ukikosa hata upepo. Fungasha kila kitu, livae shanta, kisha panda na kushuka ngazi kwa nusu saa wakati wa jua kali. Ukimaliza utajua mwenyewe cha kuacha.

Katika nguo, tenga jozi mbili zisizobadilishana kazi: moja ya kutembelea, nyingine ya kulalia ambayo hailowi kwa hali yoyote. Asubuhi utalazimika kuvaa fulana ya jana ikiwa bado mbichi, nayo itakunata mgongoni kama jani, lakini baada ya dakika chache za kutembea utaisahau. Anayeona kinyaa akavaa nguo kavu asubuhi, usiku hulala na nguo mbichi. Jozi hiyo kavu uitie ndani ya mfuko mzito wa plastiki ndani ya shanta, kwa kuwa kifuniko cha mvua cha nje hakizuii maji yanayotiririka mgongoni na kupenya upande wa mikanda. Beba pia tochi ya kichwani, maana karibu na ikweta jua huzama likishuka wima, na tangu lizame hadi giza kuingia hazipiti dakika nyingi zaidi ya ishirini.

Jambo la mwisho si la mzigo. Mwili huchukua kati ya wiki moja na mbili kulizoea joto. Katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema zaidi na lenye chumvi kidogo zaidi. Mlima mrefu usiupange katika siku tatu za mwanzo.

Mshauri mpendwa, mume wangu amepata kazi ya miaka miwili katika nchi yenye malaria, nasi tunahamia huko na watoto. Rafiki zetu waliokaa huko wanasema dawa za kuzuia malaria ni za watalii tu, na kwamba ukishaishi mahali mwili unazoea. Tena tumeambiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano huisha baada ya miaka kumi. Tufuate lipi?

Dada yangu, nianze na cheti kwa kuwa jibu lake ni fupi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Mnachotakiwa kukiangalia ni mwanzo wake, kwani huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya chanjo, na atakayechanjwa siku moja kabla ya kupanda ndege anaweza kuzuiwa akifika. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa hiyo mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mtoto mchanga na aliyefikisha umri wa miaka 60 wanapaswa kuonana na daktari kwanza.

Kuhusu malaria, rafiki zenu wamesema nusu ya ukweli, na ni ile nusu yenye hatari. Ni kweli kwamba aliyezaliwa na kukulia penye malaria, akaugua mara nyingi tangu utotoni, hujijengea kinga kiasi. Kinga hiyo hupatikana kwa miaka, haizuii maambukizi kabisa, na hupungua mtu akihama. Ndiyo sababu hata mwenyeji aliyekaa ng’ambo muda mrefu anaporudi kuwasalimu jamaa zake yumo hatarini. Familia yenu haitaipata kwa kukaa miezi sita.

Daktari atawachagulia dawa kwa kuangalia nchi, umri na afya ya kila mmoja. Atovakwoni na proguanili, ambazo huwa katika kidonge kimoja, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki nne, nayo hufanya ngozi iungue upesi na jua. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, ikianzwa wiki mbili au zaidi kabla ya safari, na haimfai mwenye historia ya maradhi ya akili au kifafa. Watu wengi huacha vidonge pale ndege inapoondoka, wakidhani hatari imeishia uwanjani. Vimelea vilivyoingia kwa kuumwa na mbu usiku wa mwisho hukaa kwanza katika ini kwa wiki moja au zaidi, na doksisaiklini hungoja kuvinasa vikitoka kuingia katika damu. Ukiacha mapema, vinatoka na kukuta njia nyeupe.

Kama mtaendelea na vidonge kwa miaka miwili yote ni suala la kuamua na daktari, lakini mambo mawili hayana mjadala: chandarua chenye dawa kila usiku, kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote, na kupima damu siku ileile homa inapoanza. Mjue pia kwamba mbu wa malaria huuma usiku, ilhali yule wa homa ya dengi huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyosimama ndani ya ndoo, vyungu vya maua na matairi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakiwatoshi. Homa isiyojulikana chanzo itulizwe kwa parasetamoli, si kwa aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Na kwa kuwa mna watoto, ulizeni habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuhama. Mtoto hupenda kuchezea mbwa, akakwaruzwa na asiseme. Kidonda cha namna hiyo kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kufupisha, ndipo mkimbilie kituo cha afya, hata kama alishachanjwa.

Ndugu Mshauri, natengeneza tovuti kwa wateja walio nchi za mbali. Ninaishi hapa mwezi wa nane sasa kwa viza ya utalii, nikivuka mpaka kila siku 90 na kurejea siku hiyohiyo. Juzi afisa aliniuliza maswali mengi kuliko kawaida. Je, nina kosa?

Ndugu yangu, nikujibu bila kumung’unya maneno: hata kama kila muhuri wako ni halali, ukiisoma pasipoti kurasa zote pamoja inasimulia habari ya mtu anayeishi nchini, na afisa amekwisha kuisoma. Katika nchi nyingi viza si ahadi ya kuingia, na anayesimama dirishani ana mamlaka ya kukurudisha hata kama wenzake walikuruhusu mara tatu. Siku atakapofanya hivyo, kompyuta, godoro na amana ya pango vitabaki upande wa pili.

Kuhusu kazi yenyewe, sheria nyingi za uhamiaji ziliandikwa kabla mtu hajaweza kufanya kazi akiwa huku na mlipaji akiwa kule, na zinapotaja kazi hazitofautishi. Unategemea ukimya wa sheria, na ukimya si kibali. Baadhi ya nchi zimefungua mlango rasmi kwa watu kama wewe: Barbados ilitoa kibali cha miezi 12 mwaka 2020, Malaysia ikaleta chake mwaka 2022 na Thailand mwaka 2024. Uliza kama nchi uliyopo ina mlango wa namna hiyo, na kama haina, tafuta kibali cha ukaazi kinacholingana na hali yako. Ukiwa katika kuuliza, uliza na kodi, kwa sababu katika nchi nyingi anayekaa siku 183 ndani ya mwaka huanza kuhesabiwa mkaazi kwa kodi, atake asitake. Isome na bima yako: bima nyingi za safari zina kikomo cha siku, na nyingi hazimlipi aliyeanguka na pikipiki bila leseni ya chombo hicho.

Nami niliwahi kukosea, tena katika jambo dogo kuliko lako. Niliingia nchi fulani tarehe 1 Julai nikiwa na ruhusa ya siku 90, nikakata tiketi ya kutoka tarehe 30 Septemba, nikijua moyoni kwamba miezi mitatu ni miezi mitatu. Afisa hakunigombeza. Alichukua penseli, akafungua kalenda ya mezani na kuweka nukta juu ya kila siku, akianza na ile niliyoingia, hadi nukta ya tisini ikatua tarehe 28. Nililipa faini ya siku mbili na ndege ikaniacha.

Mshauri, viatu vyangu vya ngozi, mkanda na hata jalada la pasipoti vimeota ukungu ndani ya kabati. Nyumba ni safi. Nafanyaje?

Ukungu haujali usafi, unajali unyevu. Acha milango ya kabati wazi, isogeze mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma, na usiweke ndani nguo iliyovaliwa hata kama inaonekana kavu. Viatu vifute nje ya nyumba, uvianike kivulini penye upepo. Pasipoti na kamera zikae katika kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ambavyo baada ya muda hushiba na kuhitaji kubadilishwa.

Shikamoo. Huu ni mwezi wangu wa saba ugenini. Mwanzoni nilipenda kila kitu, sasa nachukizwa na joto, kelele na watu wanaoniuliza ninakwenda wapi. Silali vizuri. Jioni nakaa na wageni wenzangu na tunalalamika tu. Nguo zangu bado zimo kwenye sanduku. Je, nirudi nyumbani?

Marahaba, binti yangu. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliwahutubia wageni waliokuwa wakiishi Rio de Janeiro akawaeleza jambo hilohilo: mgeni hupita kwanza katika kipindi cha kushangilia kila kitu, kisha huingia katika uchungu ambapo hutafuta wageni wenzake ili wawasengenye wenyeji kwa pamoja, na baadaye ndipo hupata nafuu. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba si kila mtu hupita ngazi hizo kwa mpangilio huo, lakini hayo mazungumzo yenu ya jioni aliyapiga picha barabara.

Hata hivyo ningeanza na usingizi, kwa maana mwili hauwezi kulala vyema bila kupungua joto lake la ndani, na asiyelala huona kila anayemsalimu kuwa mchokozi. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, elekeza feni mwilini, funika madirisha yanayopigwa na jua la alasiri. Ikiwa unameza meflokwini, mwambie daktari wiki hii kwamba hulali na umebadilika, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuleta ndoto mbaya na wasiwasi.

Kisha kuna hilo swali la unakwenda wapi. Katika lugha nyingi hiyo ni salamu, na jibu lake ni neno moja lisilosema kitu. Lijifunze neno hilo kwa lugha ya hapo ulipo, ulitumie kesho. Wageni wenzako usiwakimbie. Ila jioni mbili kwa wiki ziwe za jirani asiyejua kwenu ni wapi. Kuhusu kurudi sitakuamulia, lakini usiamue kabla hujatoa nguo katika sanduku na kuzitundika.

Mshauri, nimerejea wiki sita zilizopita kutoka safari ya shanta. Nina homa na baridi ya vipindi. Huko niliogelea ziwani mara kadhaa. Je, ni uchovu wa safari?

Barua hii tuliijibu kwa simu siku ileile, nami naichapisha kwa ajili ya wengine. Nilimwambia aende hospitali saa hiyo, na sentensi yake ya kwanza kwa daktari iwe jina la nchi aliyotoka na tarehe aliyorudi, kwa kuwa daktari asiyeambiwa hatafikiria malaria mahali ambapo haipo. Malaria kali kuliko zote kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu, na aina nyingine huweza kujificha katika ini hata zaidi ya mwaka. Habari ya ziwa aitaje pia, kwani kimelea cha kichocho hupenya ngozi katika maji yasiyo ya chumvi ndani ya dakika chache, na homa yake huweza kuanza wiki kadhaa baadaye. Kipimo cha kwanza cha malaria kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.