Mkiwa mnalaza farasi, msiwe na haraka kama mimi

Mimi ni daktari wa mifugo huku Mufindi, kazi zangu nyingi ni ng'ombe wa maziwa, farasi nakutana nao kwa nadra. Wa kwanza kumhasi nikiwa peke yangu alikuwa dume la kama kilo 350, asubuhi ya ukungu, mwenye farasi anaangalia saa kila baada ya dakika. Nikapiga zailazini (dawa ya kumtuliza kwanza) mshipani, miligramu 1.1 kwa kila kilo (ukiwa na ile chupa ya 2% ni kama mililita 19, na sisi tuliozoea ng'ombe mkono unasita, maana ng'ombe anatosheka na moja ya kumi tu). Dakika 2 hazijaisha nikafuatisha ketamini, dawa ya kumlaza. Weee! Farasi bado kainua kichwa, masikio yanacheza, akaanguka miguu imekakamaa kama mbao, mwili wote unatetemeka, wasaidizi wakakimbilia kwenye uzio na mimi nikiwemo.

Ketamini ikimkuta hajalewa vizuri inamvuruga. Siku hizi nasubiri dakika 5 na saa peke yake siiamini, naangalia kichwa kishuke karibu na magoti, mdomo wa chini ulegee, hapo ndo naingiza ketamini miligramu 2.2 na diazepamu (ya kulegeza misuli) miligramu 0.05 kwa kilo. Asipoinamisha kichwa namwongeza zailazini kwanza. Akilala unapata dakika 10 mpaka 20 hivi, kwa kuhasi zinatosha kama vifaa vishapangwa.

Ukichoma shingoni, ingiza sindano bila bomba kwanza. Damu ikichuruzika tu ni sawa, ikiruka kwa mapigo umeingia ateri (mshipa unaopeleka damu kichwani), chomoa haraka, maana dawa ya hapo inaenda moja kwa moja kwenye ubongo na degedege ni papo hapo.

Mvue hatamu, bizimu ikikandamiza shavu ataamka mdomo umepinda. Taulo machoni. Akipepesa usishtuke, ketamini ndo ilivyo, ila jicho likianza kucheza huku na huku anarudi huyo, mpe nyongeza. Na nyie wa Mbarali mnaohasi punda, kwa punda ketamini inaisha mapema zaidi, nyongeza iwe mkononi.

Kuamka ndo naogopa mpaka leo. Goti juu ya shingo, kimya, asiinuke kabla hajawa na nguvu. Yule wangu alisimama baadaye akayumba, akaegemea mkaratusi, mwenyewe akaniambia "daktari, kumbe kazi ndogo hivi". Sikumjibu, mikono ilikuwa bado inatetemeka.