Bima kubwa imepanda baada ya kumgonga wa mbele mara mbili, nifanyeje?

Pole sana, ndugu yangu. Uendeshaji unaweza kuishusha, ila si kwa mwezi mmoja.

Hapa Tanzania bima kubwa (ile inayolipa hata gari lako mwenyewe) ya gari binafsi kwa kawaida ni kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT asilimia 18. Kwa gari la milioni 15 ni shilingi 525,000 kabla ya kodi. Nafuu yako ipo kwenye punguzo la kutodai fidia. Ukimaliza mwaka bila kudai, liulize wakati wa kukata bima upya, maana kuna mawakala hukaa kimya mpaka uwaulize.

Umesema mara zote mbili ulimgonga wa mbele. Basi shida yako ni nafasi. Barabara ikiwa wazi, wa mbele akipita nguzo anza kuhesabu. Ukiifikia kabla ya sekunde tatu, umemganda. Mvua ikinyesha, ongeza. Kwenye foleni simama pale unapoona matairi yake ya nyuma yakigusa lami.

Simu iweke kiti cha nyuma. Mimi nilipasua taa ya gari langu pale Mwenge nikisoma ujumbe wa "umefika wapi?" Nililipa mwenyewe, kwani punguzo ambalo ningelipoteza lilizidi bei ya taa. Lakini mtu akiumia, au gari la mwenzio likiharibika, toa taarifa polisi na kwenye bima siku hiyohiyo.

Na kabla ya kukata kushoto, tazama kioo: bodaboda hupita humo humo.