Mwana wa Mfalme, godoro la mtoto wa wifi yako limefikaje sebuleni?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 35, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nimeokoka, na kanisani nafundisha kikundi cha wanawake. Mwezi huu somo letu ni "Kufanywa wana wa Mungu". Shida yangu ni mume. Dada yake alifariki mwaka jana, akaacha mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye baba yake hajulikani alipo. Mume alimleta hapa kabla hata hatujazungumza vizuri. Nilimpokea kwa upendo, lakini huyu mtoto anakojoa kitandani, ni mkimya kupita kiasi, na mtumishi mmoja ameniambia ukoo wao una vifungo. Sasa mume anataka tumuasili kisheria, atumie jina letu, na watu wa ustawi wa jamii wanataka saini yangu. Anayemchochea ni mama mkwe. Tuna kiwanja Kihonda tulichonunua kwa jasho letu kwa ajili ya wanetu. Je, nikikataa ni dhambi?*

*Mwana wa Mfalme, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa wifi. Na mume kukuletea mtu nyumbani bila kukaa kitako mkaelewana ni kukuvunjia heshima. Hilo nitamwambia siku akiniandikia yeye. Pole imeishia hapo.

Barua yako ina kurasa nne, hapo juu nimechapa robo tu. Nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Unasema ulimpokea kwa upendo. Ukurasa wa pili, katikati ya malalamiko mengine, unasema godoro lake linanukisha sebule wageni wakija. Nikajiuliza, godoro limefikaje sebuleni? Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikakuta nyumba ina vyumba vitatu, na kimoja "tumekitenga kwa watumishi wa Mungu wakipita". Ukurasa wa tatu unamsifu kidogo: angalau ni mchapakazi, saa 11 alfajiri ameshaosha vyombo na kudeki. Wanao wawili wanaamka saa ngapi? Hukuandika.

Warumi 8:15 unaujua kwa moyo, maana ndio mstari mama wa somo lako. "Kwa kuwa hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana." Sasa mwalimu, nijibu. Mtoto anayedamka gizani akadeki nyumba ya watu asije akafukuzwa, kati ya roho hizo mbili wewe umempa ipi?

Habari ya vifungo nitaipita haraka. Mtoto aliyemzika mama yake juzijuzi akikojoa kitandani ana majonzi na hofu, na wako wengi tu wanaokojoa bila kufiwa na mtu. Mpeleke zahanati wampime mkojo, usimpe maji mengi usiku, mwamshe mara moja kabla hujalala, na usimtangaze mbele ya wageni. Halafu huo ukoo wenye vifungo si ndio wa mumeo? Wanao wameutoa wapi ukoo wao? Mbona wao hujawapeleka kwenye maombezi?

Kiwanja cha Kihonda umekitaja mara saba. Mama mkwe mara tatu, vifungo mara mbili. Basi tuzungumze kiwanja, maana ndicho kilichoandika barua hii.

Paulo alikuwa raia wa Rumi kwa kuzaliwa, mwenyewe alimwambia hivyo jemadari katika Matendo 22, na watu aliowaandikia waliishi chini ya Rumi. Neno lake la "kufanywa wana" linapatikana mara tano tu: tatu katika Warumi, moja Wagalatia, moja Waefeso. Waliolisikia walijua linahusu nini. Mrumi alipoasili hakuwa anatafuta mtoto wa kubembeleza. Mara nyingi alimchukua mwanamume mzima, mwenye ndevu zake, akampa jina la nyumba na nafasi ya mrithi, na kuanzia hapo akahesabiwa mwana sawa na aliyezaliwa humo.

Umesoma Luka 2 kila Krismasi, "amri ilitoka kwa Kaisari Augusto". Unajua huyo Augusto alikuwa nani? Alizaliwa akiitwa Octavius, na bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Julius Caesar. Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wosia wake ukafunguliwa, ikaonekana kijana huyo wa miaka 18 amefanywa mwana, amepewa jina na robo tatu ya mali. Mjukuu wa dada! Naye Augusto akaja kumuasili Tiberio, mtoto wa kufikia aliyekuja na mkewe, na Tiberio ndiye aliyekuwa Kaisari Yohana Mbatizaji alipoanza kuhubiri. Mumeo anataka kumpa jina mtoto wa dada yake wa tumbo moja, wewe unaona amechochewa na mama yake.

Kwa hiyo mtu wa Rumi akisikia amefanywa mwana, anaelewa jina na urithi. Paulo mwenyewe hakuuma maneno: "na kama tu watoto, basi, tu warithi, warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo." Hapo kwenye "pamoja na Kristo" naomba ukae kidogo. Mungu alikuwa na Mwana tayari, tena wa pekee. Kwa hesabu zako za Kihonda, Yesu ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika: Baba, hawa umewatoa wapi, na mali hii si yangu? Hakulalamika. Wewe umeingia nyumba hiyo kwa mlango huohuo unaotaka kumfungia mtoto wa marehemu.

Hata huyo Yesu, duniani alimpata baba kwa namna hiyohiyo. Yosefu hakumzaa. Alimchukua mama, naye ndiye "akamwita jina lake Yesu", na kwa Yosefu akahesabiwa wa ukoo wa Daudi. Watu wa kijijini wakamwita mwana wa seremala, wala hatusomi kwamba alilazwa karakanani.

Sasa niseme la huruma ambalo nilitaka kulimeza. Ukurasa wa mwisho, mstari mmoja tu, kama uliopenya kwa bahati mbaya: baba yako alipofariki, kaka zako waligawana shamba, wewe ukaambiwa umeshaolewa, huna chako. Hapo niliweka kalamu chini. Kumbe unayepigana naye siye huyu mtoto. Aliyenyimwa akipata hukumbatia kwa mikono miwili, namwelewa. Wanawake wengi wa nchi hii wana kidonda hicho. Ila angalia unachofanya, mwanangu. Neno walilokuambia kaka zako, "wewe si wa hapa", ndilo unalomwambia mtoto wa miaka 9 kila jioni unapotandika godoro lake sebuleni.

Nyongeza kwa ajili ya kikundi chako. Kiswahili kimetuficha kitu, maana "mwana" wetu ni wa kike na wa kiume. Kwa lugha aliyoandikia Paulo, neno lile limeundwa kwa mtoto wa kiume, aliyetegemewa kushika nyumba. Naye huyohuyo Paulo, sura moja kabla ya kuwaambia Wagalatia habari za kufanywa wana, alishasema "hapana mtu mume wala mtu mke". Binti aliyekosa shamba kwa baba yake amewekwa kwenye kiti cha mrithi. Wafundishe hilo, watalia. Nawe utalia.

Mnanichosha nyinyi wenye ndoa za siku hizi, na hapa sisemi na wewe peke yako. Nyumba ni baba, mama, watoto wawili na king'amuzi. Ndugu wa mume akija anaulizwa anaondoka lini kabla hajavua viatu. Lakini kanisani una baba wa kiroho, una mama wa kiroho, una wapendwa katika Bwana mnaochangishana sare za vitenge. Umeniandikia kwa fahari kabisa kwamba siku ya kuzaliwa ya mama wa kiroho ulimpelekea seti nzima ya sufuria. Mama mkwe unamwita "wa mwilini". Aliyekuzalia mume ni wa mwilini, wa sufuria ndiye wa rohoni! Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na Yohana anaandika kwamba "tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake". Nyumbani, kwenye kitanda na chungu. Undugu wa rohoni ulipoanza ulianza na gharama za chakula.

Mimi mwenyewe nimelelewa na mkaza mjomba, huko Korogwe. Nyumba vyumba viwili, watoto tisa. Hakuwa mpole, tusidanganyane. Alikuwa na mdomo kama wembe. Lakini nyama alikata vipande sawa, na akinigombeza alinigombeza sawa na wanawe. Nilikuwa darasa la tano ndipo mtoto wa jirani aliponiambia kuwa yule si mama yangu, nikarudi nyumbani nikimcheka kwa uongo wake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yule mama aliifanya bila kuhudhuria semina.

Umeniuliza kama kukataa ni dhambi. Kwanza ujue unachokikataa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuasili ni amri ya mahakama, na ikishatoka mtoto anahesabika wenu kama mliyemzaa. Hakuna kumrudisha kwa bibi siku akivunja sahani. Kwa hiyo usitie saini kwa shingo upande ili mama mkwe anyamaze. Mtoto ataijua saini ya namna hiyo kabla hajajua kusoma hati. Ukiona moyo umegoma kabisa, mwambie mumeo kweli, na Jumapili inayofuata mwachie mwingine lile somo. Ukitaka kuendelea kulifundisha, saini unayo tayari.

Na kiwanja? Mwanamke anayeogopa kuachwa mikono mitupu hajilindi kwa kumnyima yatima. Je, jina lako limo kwenye karatasi za Kihonda? Hilo nalo hukuandika. Nenda kaliangalie. Kama liko la mumeo peke yake, hapo ndipo pa kupigania, tena kwa sauti, na mimi nitakuwa upande wako. Mwambie yaandikwe yote mawili, kisha mwandike wosia, watoto watatu wakitajwa mmojammoja.

Kesho asubuhi, kabla ya yote hayo, toa godoro sebuleni ulianike juani, na chumba cha watumishi ukipe mtumishi anayedeki. Nunua nailoni ya kutandika chini ya shuka. Vyombo vya asubuhi waoshe kwa zamu, wote watatu.

Kisha uniandikie tena. Katika kurasa nne umemwita "huyu mtoto" mara kumi na nane. Barua ijayo uianze kwa jina lake.

Shangazi