Panga Mboga Kwanza, Ugali Utajipanga

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna kisingizio. Ingia soko la Mwanjelwa asubuhi: viazi vya Umalila, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, njegere, karoti, maparachichi yamerundikwa hadi chini. Kasoro iko kwenye sahani. Mtu anapakua wali, anaweka viazi vya rosti juu, ndizi pembeni, halafu majani kijiko kimoja cha kupambia. Vitatu vya kwanza vyote ni wanga!

Nyumbani kwetu tunaishi watu wazima watupu, akiwemo mama mkwe mwenye presha na shemeji anayeendesha bodaboda. Nikienda sokoni Jumamosi, sigusi mchele wala unga kabla sijajua maharage yataliwa siku zipi, dagaa lini, mayai lini, na majani gani yanawahi kuharibika. Mchicha na chainizi huliwa Jumapili na Jumatatu. Kabichi, karoti na maboga husubiri hadi Alhamisi. Baada ya hapo kuchagua ugali au wali ni kazi ndogo, ila unga wetu ni dona, kwa sababu sembe imeshavuliwa pumba na kiini chenye virutubisho. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, dagaa, mayai au nyama.

Maharage nayapa nafasi kubwa kwa kuwa ndiyo yanayowashinda wengi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndiyo maana maharage yanakula mkaa kuliko yanavyoula Dar. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale asubuhi, kisha yapike kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana. Mwenye friji achemshe mengi, agawe kwenye vyombo: leo anaunga kwa nyanya na karoti, keshokutwa kwa karanga za kusaga. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu.

Tuje kwenye chai. Kwa baridi ya Juni na Julai simwambii mtu aache chai, nitaonekana mwendawazimu. Lakini hesabu sukari. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa kabla hujagusa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25, yaani kama vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Tena usiinywe pamoja na mlo, maana chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani. Subiri kama saa moja hivi.

Kitafunwa cha saa nne nacho kipangwe tangu jana yake, la sivyo andazi litakupangia. Sisi huchemsha magimbi, viazi vitamu au mahindi jioni. Siku nyingine ni ndizi mbivu, maziwa mgando, au karanga za kujaza kiganja. Parachichi lina mafuta mazuri, ila ni mafuta. Nusu inatosha, na siku hiyo punguza ya kukaangia.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo viungo vya paketi vyenye chumvi vimo kwenye hesabu. Kwa ajili ya mama tunatumia ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na kichupa cha chumvi hakikai mezani. Ukiwa na presha au kisukari, kipimo chako kitoke kwa daktari wako.

Shemeji hula mchana kwa mama ntilie, na huko hatuna mamlaka. Tumemfundisha sentensi moja: “Mama, punguza wali, ongeza majani na maharage.” Hajawahi kukataliwa, na bei ni ileile.