Baba abaki nyumbani afanye nini?

Yakhe wauliza baba atafanya nini nyumbani na mtoto mchanga na hali bibi na mashangazi wapo kwa ajili ya arobaini, mie nakwambia kazi ipo tele, nguo za mtoto zafuliwa kila siku, maji ya moto, wale wakubwa wapelekwe skuli na chuoni (madrasa), halafu wiki ya 6 chanjo. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya 2004 iliweka siku 3 tu za likizo ya uzazi ya malipo kwa baba, Kenya ya 2007 wiki 2. Sasa siku 3 si hata akika hujafika maana ile siku ya 7!

Ila likizo kando, kinachoumiza zaidi ni maneno ya ofisini. Mie kazi yangu ya zamani niliomba kutoka saa 9 mtoto ana homa, jamaa mmoja akasema "umekuwa yaya siku hizi?" na bosi naye akacheka, sikuomba tena. Huyu bosi wa sasa mwenyewe ikifika saa 10 anaaga kwa sauti, "namfata mwanangu chuoni", basi na sie siku hizi twaaga bila ya kujificha.