Bagamoyo haijakosa wageni, imekosa usiku

"Dada, bahari imekwenda wapi?"

Aliniuliza baba mmoja kutoka Mbezi, Dar es Salaam, Jumamosi ya mwezi mpevu, saa 4 asubuhi. Alikuwa amewaamsha watoto gizani, wakapita Tegeta na Bunju kabla magari hayajawa mengi, wakafika kwetu na maboya yao yameshajazwa upepo. Mbele yao kulikuwa na mchanga wa kijivu na matope, ngalawa zimelala ubavu, na maji ni mstari mwembamba huko mbali. Nikamwambia maji yatarudi, saa 10 jioni yatakuwa yamefika kwenye hizi ngazi. Akaitazama saa yake. "Saa 10 inabidi tuwe njiani, foleni haijaanza." Wakala samaki na chipsi, wakapiga picha Ngome Kongwe, saa 9 wakaondoka. Watoto hawakulowa hata mguu. Sijawaona tena.

Ninaendesha nyumba ya kulala wageni ya vyumba 7 hapa Bagamoyo, niliyoipokea kwa mama alipochoka. Kwa miaka mingi nililia kilio kile kile cha wenzangu: utalii umekufa, mji umelala. Na kilio kina haki yake. Hoteli za ufukweni ambazo nikiwa msichana zilikuwa zinawaka taa mpaka usiku wa manane, baadhi leo makuti yameanguka na mabwawa ya kuogelea yameota nyasi. Lakini baada ya yule baba kuondoka nilifanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gesti alifanye kabla hajalaumu mtu. Nilitoa vitabu vya wageni, vya mama na vyangu, nikakaa navyo barazani siku mbili nzima.

Nilichokiona kilinishtua. Watu hawajaacha kuja Bagamoyo. Siku za Idi na Pasaka ufukwe unajaa, magari yanakosa pa kuegesha. Mabasi ya wanafunzi yanakwenda kwenye magofu ya Kaole na misheni ya Wakatoliki karibu kila wiki wakati wa muhula. Wanaokuja wapo. Wanaolala ndio waliokwisha. Na hata ile miaka tunayoiita ya neema, nilipohesabu majina kwa kalamu nyekundu, wengi waliolala hawakuwa watalii kabisa. Walikuwa watu wa semina.

Hapo nataka nikae kidogo, maana watu wa miji mingine ya pwani, kama Pangani na Kilwa, wanaosoma hapa watajitambua. Bagamoyo iko kilomita 70 na ushee kutoka Dar es Salaam, umbali ambao mfanyakazi wa ofisi akitoka kuja kikaoni anastahili kulala na kupewa posho. Kumbi zilijengwa kwa ajili hiyo, vyumba vikaongezwa kwa ajili hiyo. Hoteli kubwa zikijaa, sisi wadogo tulipokea madereva na waandishi wa kumbukumbu. Tukasahau kufua mapazia vizuri, tukasahau kumuuliza mgeni kama amelala salama, kwa sababu mgeni wa semina hachagui pa kulala. Anapangiwa. Mwishoni mwa 2015 serikali mpya ikabana matumizi, ikataka vikao vya ofisi za umma vifanyike kwenye kumbi za umma. Mwaka uliofuata ikatangazwa kuhamia Dodoma kwa vitendo. Wateja wetu wakahama na meza zao. Sikatai kwamba fedha za umma zilistahili kubanwa. Nasema sisi tuliegemea ukuta usio wetu, na ulipoondolewa tukaanguka chali.

Mimi nilikuwa pia nadai fedha. Ofisi moja ililaza watu kwangu siku 5, ikanilipa baada ya miezi 11, tena nusu. Tangu hapo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye gesti ni huu: kundi lolote, liwe la harusi, la kanisa au la ofisi, lilipe nusu kabla hujanunua hata kilo ya mchele. Anayekasirika kwa hilo hakuwa na nia ya kulipa.

Mengine yalituongezea uzito tu. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, na wa Dar wakapata fukwe za kwenda na kurudi bila kusubiri kivuko. Boti za kutoka Dar kwenda Unguja zinachukua kama saa mbili. Korona ya 2020 ilimaliza hata wale Wazungu wachache waliokuwa wakija kujifunza ngoma. Na tangu 2024 familia inaweza kupanda treni ya umeme ikafika Morogoro au Dodoma bila foleni yoyote. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mwenye gesti anaweza kulizuia, kwa hiyo sipotezi usingizi juu yake.

Usiku ndio ninaoupigania. Mji huu ulizaliwa kwa kulaza watu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipotoka bara ilifikia hapa, na wapagazi walisubiri hapa wiki na miezi kabla ya safari nyingine. Waliolala, waliokula na waliolipwa ndio waliojenga nyumba zile za Mtaa wa India. Mwili wa mmisionari David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kutoka bara mbali, ulilazwa misheni Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ikaanzia huko badala ya hapa, Bagamoyo ilipoteza waliolala, ikabaki na majengo. Kwa hiyo ninayoyaona kwenye vitabu vya mama si mageni katika mji huu.

Nilianza kurekebisha mambo kwa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi. Nilimuuliza, "Mjomba, mgeni akitaka kuogelea aje lini?" Akacheka. "Mwanangu, nyinyi mnauza bahari na hamjui inakuja lini?" Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akanikalisha akanifundisha hesabu ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakupwa mno asubuhi, karibu saa 4, na yanajaa tele karibu saa 10 jioni. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukifika nusu ni maji mafu: yanajaa asubuhi, ila hayaji mengi na hayaendi mbali.

Angalia maana yake kwa biashara. Mgeni wa kutwa anayekuja siku ya bamvua anakutana na matope, na bahari inapofika yeye yuko Bunju kwenye foleni. Aliyelala anaogelea saa 10 na saa 11. Na kwa kuwa ufukwe wetu unatazama mashariki, jioni ya mwezi mpevu mwezi wenyewe unachomoza kutoka baharini, mwekundu kama ngeu, mbele ya meza yake ya chakula. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na bado nikiuona nasimamisha kazi. Hakuna mgeni wa kutwa aliyewahi kuuona.

Kwa hiyo sasa mapokezi yangu yana ubao. Juu yake naandika kwa chaki saa za maji kujaa kwa wiki mbili zijazo, naupiga picha, naituma kwa wateja wote kwa simu. Anayetaka kuja kutwa namwambia wazi aje siku za maji mafu. Nilipoanza, jirani aliniambia nafukuza wateja. Lakini mtu uliyemwambia ukweli kuhusu maji anakuamini ukimwambia alale.

Jambo la pili ni bei. Tulikuwa tumezoea kuandika kwa dola na kuhesabu vichwa. Baba mwenye watoto wanne akipiga hesabu hiyo anarudi Dar usiku huo huo, na ana akili timamu. Mimi nauza chumba kwa familia, kwa shilingi, godoro la watoto halilipiwi, na chai ya asubuhi imo. Chai yenyewe ni vitumbua, mihogo na mbaazi za nazi. Usimpe mtu wa Dar mkate wa dukani na mayai aliyoyaacha kwake.

Ulinzi. Tumezoea kuwanong'oneza wageni wasitembee peke yao ufukweni, hasa kuelekea Kaole, kisha tunawaacha wakiogopa vyumbani. Mgeni anayeogopa halali siku ya pili. Nimepatana na vijana wawili wa mtaani ambao mama zao nawajua. Saa 12 asubuhi wanawapeleka wageni kwenye mnada wa samaki, boti zikiingia, na mpishi wangu anakwenda nao. Mgeni anachagua samaki wake mwenyewe na mchana anamla wa kupaka. Jioni wanawasindikiza kusikiliza ngoma pale wanafunzi wa TaSUBa, kile tulichokuwa tukikiita Chuo cha Sanaa, wanapofanya mazoezi au onyesho. Wiki ya tamasha la sanaa kila kitanda mjini kinajaa. Baada ya hapo kimya, kana kwamba ngoma zinapigwa mara moja kwa mwaka. Wenye gesti tukienda kuzungumza na wasanii, wao wana hamu ya watazamaji kuliko sisi tulivyo na hamu ya wageni.

Sasa nyumba yenyewe, maana hapa ndipo nilipoteza fedha nyingi kuliko kwenye deni lile. Ukuta wetu wa mbele ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, wa zamani. Ulipoanza kumong'onyoka nilimwita fundi akaupiga lipu ya saruji, ukang'aa, nikafurahi. Masika mawili tu, lipu ikavimba na kubanduka mabamba mabamba, ikaondoka na sehemu ya ukuta. Fundi mzee aliyekuja baadaye alinieleza: chokaa inaruhusu ukuta kupumua, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, navyo vinatafuta pa kutokea. Nyumba ya chokaa itibiwe kwa chokaa. Na kama iko mji mkongwe, nenda kwanza ofisi ya Mambo ya Kale ukaulize kinachoruhusiwa kabla hujagusa jiwe. Milango ya nakshi usiiuze, hata ukibanwa namna gani. Nimeona nyumba mbili zilizouza milango yao, na hakuna mgeni anayesimama tena mbele yake kupiga picha.

Kwa wastaafu wanaoniuliza kama waweke kiinua mgongo chao kwenye hoteli ya ufukweni hapa: msianze na ufukwe. Chumvi inakula bati, feni, kitasa, mpaka bawaba za dirisha, na bajeti ya ukarabati haipumziki hata mwezi usio na mgeni. Kodi nyumba ndogo mtaani kwanza, vyumba 3 au 4, mwaka mzima ili uone masika na kusi. Andika kila usiku: nani amelala, ametoka wapi, kwa nini amekuja, kwa nini hakulala siku ya pili. Ukiona nusu ya majina yanatoka mahali pamoja, ofisi moja au mradi mmoja, usijenge chumba kingine juu ya majina hayo. Najua huko kaskazini wapo wanaosubiri barabara ya kwenda Saadani, Pangani na Tanga iwaletee wageni. Barabara inaleta magari. Inaweza pia kuyapitisha.

Wiki ijayo mwezi unakuwa mpevu. Vyumba viwili vya nyuma bado nimevifunga, bati lake limeliwa, nitaliezeka upya masika yakipita. Vitano viko tayari, mapazia yamefuliwa. Kwa Jumamosi hiyo ya mwezi mpevu mjomba ameshanipa saa, nimeiandika ubaoni: maji yatajaa saa 10 na robo jioni.